Kulkaber: wenzetu wana siku yao, wazee wetu je?

Kila tarehe 21 Novemba kule Italia carabinieri, wale polisi wao ambao pia ni wanajeshi, huvaa magwanda ya sherehe wakaenda kanisani. Ni siku ya Bikira Maria msimamizi wao, wanamwita Virgo Fidelis, Papa Pius wa Kumi na Mbili ndiye aliyewapa mwaka 1949. Kikanisa tarehe hiyo ni sikukuu ya Maria kutolewa hekaluni, lakini kwao ni siku mbili kwa moja, manake ndio tarehe ambayo kikosi chao kimoja kilimalizwa juu ya mlima Ethiopia mwaka 1941. Wao mlima wanauandika Culqualber. Waingereza wanaandika Kulkaber. Kikosi kile kilipewa nishani ya dhahabu, na kijana anayejiunga na carabinieri leo anafundishwa habari za mlima ule kama sisi tulivyofundishwa habari za uhuru.

Sasa jiulize, hao Wataliano walipandiwa na nani huko juu? Aliyekata seng'enge, aliyepanda na singe mbele ya bunduki, aliyewatoa mle mahandakini, ni nani? Kwa sehemu kubwa ni askari wa Keya. King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Watu wa Kenya na majirani zetu, Wakamba, Wanandi, Wameru, watu wa Uganda na Tanganyika na Nyasaland, Malawi ya leo, na mmoja alikuwa kijana wa hapa Malindi mwenye machela begani, huyo ni babu yangu mzaa mama.

Siwaonei wivu Wataliano kukumbuka watu wao. Maiti akililiwa amepewa haki yake. Kinachoniuma ni upande wetu, manake sisi ndio tulioshinda siku ile na hatuna hata dua moja iliyowekewa tarehe.

Na haya nayaandika nikiwa Malindi, mji ambao Mtaliano si mgeni kabisa. Shika Lamu Road asubuhi utasikia ciao mara nyingi kuliko jambo. Vibao vya maduka vya kwao, mikahawa ya kwao, watoto wa Maweni na Muyeye wanaongea Kitaliano hawajawahi kukisomea popote. Walianza kuonekana kwa wingi miaka ya sitini na ule mradi wa San Marco pale Ngomeni, wakirusha setilaiti kutoka kwenye majukwaa baharini, hata ile setilaiti iliyoitwa Uhuru iliruka pale tarehe 12 Desemba 1970, halafu hoteli zikafuata, halafu majumba, halafu ndoa, na leo kuna wajukuu wa Malindi wenye nyanya Mgiriama na nonno Mtaliano. Sina neno na hilo, wengi wetu tumesomeshwa na pesa za hoteli hizo.

Lakini kabla ya hayo yote Mtaliano alishakuja Malindi, alikuja na ndege Oktoba 1940 akatupiga mabomu. Italia ilikuwa imeingia vitani tarehe 10 Juni mwaka huo, Julai wakachukua Moyale upande wetu wa mpaka, askari wa Keya waliokuwa kwenye ile boma ya Moyale wakazingirwa mpaka wakatoka usiku kimyakimya katikati ya mwezi, na ilipofika Oktoba ndege zikashuka mpaka pwani. Bibi yangu alikuwa msichana. Alikuwa akisimulia kwamba watu walikimbia na masufuria yao, kila mmoja akishika njia ya shamba, wao walikwenda mpaka Ganda wakalala chini ya mikorosho na hakuna aliyewasha moto. Ukiwaambia haya vijana wa bichi hawaamini. Ati Mtaliano? Hapa hapa? Ndio, hapa hapa.

Basi mimi nilijuaje habari za Kulkaber? Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini, Kitaliano nilikipata kwa masikio kama wenzangu wote. Akaja mgeni mmoja, mzee, mstaafu wa hao hao carabinieri. Siku moja asubuhi kashuka kavaa suti, Novemba, jua la Malindi unalijua, suti kamili na tai, ananiuliza kanisa lina misa saa ngapi. Haikuwa Jumapili. Nikamwambia nitampigia simu padri nimuulizie, na nikamuuliza kuna nini leo. Akatoa picha kwenye pochi. Kijana na kofia yake, masharubu membamba. Ndugu ya mama yake. Akaniambia huyu alikufa siku kama ya leo, Abisinia, yaani Ethiopia, karibu na Gondar.

Gondar. Hilo neno nilikuwa nalo nyumbani tangu utotoni. Kila ikifika Julai kusi likivuma na sisi watoto tunajikunyata na shuka, babu alikuwa anatucheka, "Hii si baridi. Baridi iko Gonda." Alikuwa akitamka hivyo hivyo, Gonda, na akishasema hafafanui, anaendelea na tasbihi yake.

Jioni ile nilipotoka kazini nikaenda moja kwa moja kwake Barani. Nikamuuliza, babu, ulikuwa Gondar mwaka gani? Akaniangalia. Akaniuliza mimi nani kaniambia. Nikamweleza habari ya mgeni, suti, picha, misa, na nilipolitaja jina la mlima nikalitaja kama Wataliano wanavyolitamka, akanisahihisha, "Kulkaba. Sisi tukisema Kulkaba." Halafu akaanza.

Nilirudi na redio kaseti. Ziko kaseti hizo mpaka leo, juzi mpwa wangu amezigeuza zikaingia kwenye simu, na sauti ya babu inasikika vizuri tu, pamoja na mbuzi wa jirani na adhana ya isha ambayo babu aliinyamazia mpaka iishe ndio akaendelea. Mengi ya hapa chini ni maneno yake.

Kwanza jinsi alivyoingia. Watu wa pwani hawakuwa wakichukuliwa sana kwenye Keya, Waingereza walikuwa na mawazo yao kwamba kabila fulani ni la vita na fulani si la vita, Mkamba na Mnandi wakapendwa, sisi tukaambiwa ni watu wa soko na chuo. Babu alikuwa anafagia zahanati Mombasa, na kwa kufagia fagia akajifunza kufunga vidonda kwa kumtazama dresa. Vita vilipoanza wakahitaji watu wa namna hiyo upesi, akachukuliwa upande wa matibabu, akawa mbeba machela. Bunduki alifundishwa lakini kazi yake ilikuwa mikono na mgongo.

Walikwenda kwa malori kupitia Somalia. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 mwezi huo huo, yaani mbio mbio, Wataliano walikuwa wakirudi nyuma upesi kuliko walivyokuwa wakifukuzwa. Safari hiyo babu aliisimulia kwa furaha kabisa. Barawa alikuta watu wanaongea Kiswahili chao cha Chimiini, akaswali nao, akaalikwa chakula, akasema pale alisahau kama yuko vitani. Kutoka huko Harar, na tarehe 6 Aprili jeshi likaingia Addis Ababa. Haile Selassie akarudi mjini kwake tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Wataliano walipouingia. Na nisisitize hapa, nchi ile ilikuwa imeteswa. Wataliano walipoivamia mwaka 1935 walitumia hata gesi ya sumu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba babu alikuwa anapigana vita vya wazungu tu. Sawa, bendera ilikuwa ya Mwingereza, amri ilikuwa ya Mwingereza, na kwao Malindi alikuwa hana kura wala sauti. Lakini Waethiopia walipowaona barabarani walipiga vigelegele, hilo babu alilisikia kwa masikio yake na alilishika maisha yake yote.

Watu walidhani vita vimekwisha. Havikwisha. Jenerali Nasi wa Wataliano alikuwa kaskazini na maelfu ya watu, kajifungia Gondar, na mvua zikaanza. Mvua za nyanda zile haziachi lori kupita, kwa hiyo kila mtu akangoja. Mwishoni mwa Septemba ngome ya Wolchefit upande wa kaskazini ikasalimu amri. Ikabaki njia ya kusini, na njia ya kusini ilikuwa imezibwa na Kulkaber, mashariki ya ziwa Tana.

Nilimuuliza babu hiyo ngome ilikuwa na ukuta wa namna gani. Mimi nafikiria Fort Jesus, nafikiria ngome ya Lamu, mawe na mizinga darini. Akanijibu hivi:

"Hapana ukuta, mjukuu wangu. Mlima wenyewe ndio ngome. Walikuwa wameutoboa toboa, mapango, mahandaki, mawe yamepangwa mbele ya bunduki, chini seng'enge, mbele ya seng'enge mabomu yamezikwa. Wewe uko chini kwenye majani, yeye yuko juu anakuona kofia mpaka kiatu."

Tarehe 13 Novemba walijaribu, wakashindwa. Hilo vitabu vinalisema kwa sentensi moja na kupita. Babu alikaa nalo. Hakuwa kwenye jaribio lile lenyewe, lakini waliojeruhiwa alikutana nao baadaye, na alisema kilichomtisha hakikuwa vidonda, ni kwamba wale walioshuka hawakutaka kusema kitu. Mkamba mmoja wa Kitui, rafiki yake mkubwa ambaye walikuwa wakila pamoja tangu Mombasa, alimwambia usiku ule, sasa wanajua tunakuja.

Basi wakangojea wiki nzima na wanajua kwamba watapanda tena mlima ule ule.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 walitembezwa gizani. Sigara marufuku. Kikohozi marufuku, mwenye kikohozi aachwe nyuma. Babu alisema baridi ilikuwa ya kukata, mji wa Gondar wenyewe uko zaidi ya mita 2,000 juu, na yeye mtu wa bahari, vidole vilikufa akawa haushiki mti wa machela, anaukumbatia kwa mkono mzima. Alisoma Yasini kichwani. Pembeni yake kulikuwa na mtu wa Nyasaland anasoma zake za kikristo, na hakuna aliyemwingilia mwenzake.

Kulipopambazuka mizinga ikaanza. Ndege zikaja. Halafu mizinga ikanyamaza na babu akasema hapo ndipo moyo unapokwenda mbio, manake ukimya ule ndio amri ya kupanda.

Nitaandika alivyosema, sitapunguza.

"Wakapanda. Sisi wa machela tukaambiwa ngojeni. Nawaona migongo yao. Mwanzo wanakwenda wima, halafu wanainama, halafu bunduki za juu zikaanza na wengine wakakaa chini, ukimtazama ungedhani amechoka amepumzika. Tukaambiwa nendeni. Tukaenda. Kule juu hakuna mbele na nyuma, mjukuu wangu, vita viko kila shimo. Wanarushiana mabomu ya mkono kutoka hatua kumi. Wanachomana singe. Wataliano wale hawakukimbia, nasema haki ya Mungu, wale walikaa mpaka mwisho."

Kuna jambo alilofundishwa siku ile na sajini wake ambalo alilirudia kwenye kaseti mara mbili. Ukifika kwenye shimo lina majeruhi watatu, mmoja anapiga kelele, mmoja analia, mmoja kanyamaza, usikimbilie anayepiga kelele. Anayepiga kelele ana pumzi. Nenda kwa aliyenyamaza. Alisema hilo ni gumu kuliko risasi, kumruka mtu anayekuita kwa jina lako.

Na yule rafiki yake wa Kitui alimwita kwa jina. Babu alikuwa ameshika mti wa machela wa mbele, nyuma kuna mwenzake, juu ya machela kuna mtu ambaye utumbo wake umefungwa na shuka. Rafiki yake kakaa kaegemea jiwe, mkono kifuani, akamwita. Babu akapita. Hakuwa na mkono wa kumpa. Akashuka na yule wa machela mpaka chini, mwendo mrefu, mawe yanateleza, akampakua, akapanda tena, na alipofika kwenye lile jiwe rafiki yake alikuwa ameshafariki. Yule aliyemshusha aliishi. Hakuwahi kujua jina lake.

Kwenye kaseti hapo kuna kimya, halafu babu anasema, "Haya. Endelea kuuliza." Mimi nikamuuliza kitu kingine kabisa, kuhusu chakula.

Lakini aliendelea mwenyewe, na akanipa ambalo sikulitarajia. Mchana vitambaa vyeupe vikaanza kuonekana, hapa na pale, si kwa pamoja. Na ndipo babu alipoona kwamba juu ya ngome hawakuwa wazungu peke yao. Italia ilikuwa na askari wake weusi, wengi kutoka Eritrea, na hata hao carabinieri walikuwa na wenzao Waafrika waliowaita zaptiè. Walikuwa mahandaki yale yale, na walikufa vile vile. Mmoja alikuwa kakatika mguu, akamuomba babu maji kwa Kiarabu.

"Ntu ananiomba maji kwa lugha niliyosomea chuoni, mimi nitamuuliza bendera yake ya nani? Nilimpa. Nikamfunga. Akaniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia Malindi, hajui Malindi. Akaniambia yeye wa Keren, mimi sijui Keren. Tukamchukua."

Mimi nimesoma kidogo juu ya vita hivi tangu siku ile, chochote nilichopata kwa Kiingereza na Kitaliano, na upande wa Waingereza utakutana na brigedi ya 25 na ya 26 za Afrika Mashariki, utakutana na jina la jenerali wao Fowkes, utakutana na ramani yenye mishale. Upande wa Wataliano utakutana na majina ya maofisa mmoja mmoja na namna kila mmoja alivyokufa. Askari wa Keya kwenye vitabu vyote hivyo ni namba ya batalioni. Hata pale wanaposifiwa wanasifiwa kwa jumla, kwamba walipigana vizuri chini ya maofisa wao. Nikiona sentensi hiyo nafunga kitabu natembea kidogo.

Kulkaber ilipoanguka Gondar ikabaki wazi. Tarehe 27 Novemba 1941 Nasi akasalimu amri, na utawala wa Italia Ethiopia ukaishia hapo. Babu aliingia mjini siku chache baadaye na majeruhi kwenye lori. Aliyoyakumbuka ni yale majumba ya wafalme, yaliyoanzwa na Fasilides karne ya kumi na saba, minara ya duara na kuta ndefu. Alisema ni kama magofu ya Gede yangekuwa hayajaanguka. Alitembea ndani peke yake, akakaa kwenye ngazi, na hakuna aliyemfukuza.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Brigedi zile mbili zikaingia kwenye divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, mwaka 1944 wakapigana Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, bonde la Kabaw, mvua na malaria, na babu alikwenda huko pia. Nyumba nyingi za Kenya ukitaja vita vya pili utaambiwa Bama, Bama, na ni haki yao, lakini naona Bama imeifunika Gondar kabisa. Karibu watu laki moja kutoka Kenya walitumikia vita vile. Waliporudi, maveterani wazungu wakafunguliwa mpango wa kupewa mashamba kwenye nyanda za juu, na mashamba yale yale walikuwa wamenyang'anywa jamaa za hao askari weusi. Babu alirudi kwenye zahanati. Safari hii hakufagia, alikuwa dresa, na watu wa mtaani walikuwa wakimletea watoto hata usiku wa manane manake mkono wake ulikuwa mwepesi.

Sasa yule mgeni. Niliporudi kazini nikamwambia, babu yangu alikuwa Culqualber. Alinyanyuka kwenye kiti. Akaniomba nimpeleke. Nilimuuliza babu kwanza, akakubali, akataka tu aje baada ya alasiri.

Walikaa ukumbini, mimi katikati natafsiri. Kahawa chungu, na haluwa ambayo mgeni hakuigusa mpaka babu alipomsogezea. Akatoa picha. Babu akaitazama sana, akaigeuza akatazama nyuma, akasema hamjui. Mgeni akauliza kama walizikwa. Babu akamwambia walizikwa, wao wenyewe waliwachimbia wakishirikiana na mateka, na waliwekewa misalaba ya vijiti. Yule mzee akalia. Babu akamngoja amalize kulia, hakumharakisha. Halafu akaniambia, muulize. Muulize hiyo misa yao ya kila mwaka, na wetu wanatajwa?

Nilitafsiri. Mgeni alikaa kimya, halafu akajibu kwa ukweli, hapana, hawatajwi, na yeye hakuwahi kulifikiria hilo. Babu akasema, "Basi mwambie walikuwako. Akirudi kwao akawaambie wenzake walikuwako." Mgeni akaniomba nimwandikie kwenye karatasi jina la Keya na jina la babu. Nikamwandikia. Akaikunja akaiweka pamoja na ile picha. Waliagana kwa mkono wakashikana muda mrefu, na babu alipomtoa mlangoni akarudi akaniambia, yule ni ntu mwema, lakini sikumuuliza yeye tu, nakuuliza na wewe.

Nimebaki na swali hilo. Babu alifariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu, na bado nalitafutia jibu.

Sisemi kwamba hakuna jiwe kabisa. Pale makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road, kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya waliokufa vita vya pili bila makaburi kujulikana. Nimefika, nimepitisha kidole. Na Kenyatta Avenue kuna sanamu za wale watu watatu, za vita vya kwanza, zenye maandishi yanayoahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Vizuri. Lakini ukumbusho wa Wataliano Nyeri, alikozikwa Duke wa Aosta aliyefia mateka Nairobi Machi 1942, pamoja na wanajeshi wao 676, una kanisa lake, una watu wanaoutunza, na jamaa husafiri kutoka Italia kuja kusoma jina moja. Watu wangapi wa pwani wamewahi kupanda basi kwenda Ngong Road kusoma jina la babu yao? Na wale waliorudi wakafia vitandani kama babu, hao hawana hata ukuta, wako kwenye kumbukumbu za watu, na watu wenyewe tunazeeka.

Kwa hiyo mwaka huu nimeamua, tarehe 21 Novemba tutasoma hitima nyumbani Barani. Nimeshaongea na mwalimu wa chuo, amekubali. Kuna jamaa wawili watatu wameshanijia na maneno, mmoja anasema kuweka tarehe maalumu ni bidaa, mwingine anasema utawasomeaje hitima watu ambao nusu yao hawakuwa Waislamu. Wa kwanza nimemwambia asiyetaka hitima aje baada yake, kwenye kahawa, tutakapotaja majina, kutaja jina la marehemu hakuna aliyekukataza. Wa pili nimemwambia Wakristo watakuja na padri wao au mchungaji wao nao wataomba kwa njia yao, ukumbi ni mkubwa, na usiku ule kule chini ya mlima walisali hivyo hivyo bega kwa bega. Yuko mama mmoja wa Kigiriama kutoka Mambrui, baba yake alikuwa dereva wa lori la jeshi, yeye amesema atakuja na wanawe wote.

Majina ninayo machache, yale aliyoyataja babu kwenye kaseti, nimeyaandika kwa kusikia tu, na baadhi ni ya utani wa jeshini ambayo mama zao hawangeyatambua. La yule wa Kitui liko kamili pamoja na la kijiji chake, na nimepata mtu wa huko anayeniulizia kama ukoo bado upo. La yule mtu wa Keren halipo, atatajwa kama mtu wa Keren.

Kama mzee wenu alikuwa Gondar, Moyale, Madagaska au Bama, mleteni. Nataka jina kamili, kijiji, na kazi aliyofanya jeshini, awe mpishi, dereva, wa machela au wa bunduki, na mwenye cheti cha kuachishwa jeshi au picha aje nayo, tutaipiga picha na simu tumrudishie palepale. Tunaanza baada ya alasiri. Chakula kipo.